Mvulana na Mwanasesere, Msichana na Gari: Vichezeo vya Watoto Wadogo na Jinsia

Miongoni mwa maswali ambayo wazazi huwauliza wataalamu wa makuzi ya watoto, lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: mwanangu wa kiume anapenda kumbeba mwanasesere mgongoni, je, ana tatizo? Swali la upande wa pili, la msichana anayeshinda akisukuma gari la waya au kukimbiza ringi na kaka zake, husikika mara chache zaidi. Jibu la swali la kwanza ni hapana. Hata hivyo, jibu hilo linahitaji maelezo, kwa sababu tofauti kati ya wavulana na wasichana katika kuchagua vichezeo zipo kweli, na mzazi ana haki ya kujua zinatoka wapi.

Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 16 zilizohusisha watoto wapatao 1,600 wa umri wa mwaka mmoja hadi minane. Ulionyesha kwamba, kwa wastani, wavulana walitumia muda mwingi zaidi na magari na vifaa vya aina hiyo, na wasichana walitumia muda mwingi zaidi na wanasesere. Neno la kuzingatia hapa ni wastani. Wastani hueleza kundi. Haumwelezi mtoto aliyeketi sebuleni kwako.

Je, asili ina mchango? Ushahidi unaonyesha kwamba inao. Mwaka 2002 watafiti Gerianne Alexander na Melissa Hines waliwapa vichezeo tumbili, wale wale tunaowafahamu kwa uharibifu wao mashambani. Madume yalikaa zaidi na mpira na gari, majike yakakaa zaidi na mwanasesere na sufuria, ilhali kitabu cha picha na mbwa wa kitambaa havikuleta tofauti. Matokeo ya sufuria yanapaswa kutufanya tuwe waangalifu, kwani tumbili hapiki, na hivyo huenda rangi au umbo ndilo lililomvuta. Karibu zaidi na kwetu, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, Sonya Kahlenberg na Richard Wrangham waliripoti mwaka 2010 kwamba sokwe wadogo wa kike hubeba vijiti kwa namna inayofanana na kubeba mtoto, mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa kiume, na kwamba tabia hiyo hukoma wanapozaa. Aidha, wasichana ambao kabla ya kuzaliwa walipata kwa wingi androjeni, yaani homoni za kiume, kutokana na hitilafu ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo, huelekea kupenda magari na vifaa vya kujengea kuliko wasichana wengine, hata pale ambapo wazazi wao huwahimiza kuchezea wanasesere.

Ila asili haifanyi kazi peke yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1978 nchini Uingereza, kina mama walikabidhiwa mtoto mchanga wa miezi sita wasiyemfahamu, aliyevikwa nguo za kiume au za kike bila kujali jinsi yake halisi. Kichezeo walichompa kilifuata nguo: nyundo kwa aliyedhaniwa mvulana, mwanasesere kwa aliyedhaniwa msichana. Hali ni hiyo hiyo kwa rangi ya waridi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wasichana huanza kuipendelea wakiwa na umri wa takriban miaka miwili, huku wavulana wakizidi kuikwepa kadiri wanavyokua. Yaani, mapenzi hayo hujitokeza katika umri ule ule ambao mtoto anaanza kujitambua kuwa ni msichana au mvulana.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kichezeo hakitoki dukani. Watoto hufinyanga vyungu vya udongo, husuka nywele za hindi bichi, hushona mpira wa matambara na kucheza baba na mama chini ya mwembe, na hakuna boksi la kuwaambia hiki ni cha nani. Kinachogawanya watoto wetu mapema zaidi ni kazi: nani anatumwa maji, nani anabeba mdogo wake. Carol Ember, aliyewachunguza watoto wa jamii ya Waluo nchini Kenya na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973, aligundua kwamba wavulana waliopewa kazi za ndani ambazo kwa desturi ni za wasichana hawakuwa wakali na wababe kama wavulana wengine. Kwa maoni yangu, utafiti huo unastahili kujulikana na wazazi wa hapa kuliko tafiti nyingi za vichezeo vya dukani.

Umuhimu wa jambo hili kwa mzazi upo katika kile ambacho mchezo hufundisha. Vipande vya kujengea humzoesha mtoto kupima umbo na nafasi. Mwanasesere humzoesha kuzungumza, kubembeleza na kujiweka katika nafasi ya mwingine. Mtoto anayezuiwa upande mmoja hukosa mazoezi ya upande huo. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la awali na awapangie watoto zamu katika kona za ujifunzaji, ili wavulana wafike kwenye kona ya nyumbani na wasichana kwenye kona ya ujenzi. Kati ya miaka mitatu na sita watoto wenyewe huchekana kwa ukali juu ya mambo haya, kwa kuwa wengi hawajaelewa bado kwamba mvulana hubaki mvulana hata akibeba mwanasesere. Mtu mzima asijiunge na kicheko hicho, na vilevile asimlazimishe mtoto kuchezea asichokitaka.

Yapo mambo ya mchezo ambayo yanastahili kumpeleka mtoto kliniki. Mtoto aliyefika miaka miwili na nusu ambaye haigizi lolote, asiyejifanya kupika wala kuendesha gari, au aliyeanza kusema kisha akaacha, anahitaji kuchunguzwa na mtaalamu mapema, awe wa kike au wa kiume.