Jaji Huondolewaje Kazini Nchini Kenya?

Wengi husikia "jaji ang'olewe" wakadhani Bunge litapiga kura, kama inavyokuwa kwa Rais. Kwa jaji wa Kenya wabunge hawana kura. Njia ni moja tu, Kifungu cha 168 cha Katiba ya 2010, na mlango wake ni Tume ya Huduma za Mahakama (JSC). Tume inaweza kuanza yenyewe, au mtu yeyote, hata asiye wakili, akaipelekea ombi la maandishi.

Ombi lieleze jaji alifanya nini hasa, na jambo hilo liingie katika mojawapo ya sababu tano: maradhi ya mwili au akili yanayomzuia kufanya kazi, kuvunja kanuni za maadili, kufilisika, kutoimudu kazi, au utovu mkubwa wa nidhamu. Hapa ndipo walalamishi hujikwaa. Mtu ameshindwa kesi ya shamba, anajaza kurasa kumi akieleza jinsi hukumu ilivyopotoka. Hukumu iliyopotoka dawa yake ni rufaa. Jaji haandamwi kwa alichoamua kwa nia njema.

JSC haimhukumu jaji. Inapima tu kama kuna jambo la kujibiwa, na ikiridhika hulipeleka ombi kwa Rais. Rais ana siku 14 kumsimamisha jaji na kuteua jopo la watu saba kwa mapendekezo ya tume. Kwa Jaji Mkuu, jopo huongozwa na Spika wa Bunge la Kitaifa. Wakati huo wote jaji hulipwa nusu mshahara.

Uamuzi wa jopo humfunga Rais, lakini jaji ana siku 10 za kukata rufaa katika Mahakama ya Juu, na rufaa hiyo si ya kutimiza utaratibu tu. Mwaka 2019 mahakama hiyo ilikubali Joseph Mutava aondolewe. Mwaka 2022 ikamwokoa Martin Muya, ambaye jopo lilikuwa limependekeza aende. Nancy Baraza, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, hakusubiri uamuzi wa mahakama hiyo. Jopo chini ya Augustino Ramadhani, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, lilipendekeza aondolewe mwaka 2012. Alikata rufaa, akaiondoa, akajiuzulu.

Mahakimu, wa mahakama za chini, hawamo katika haya. Hao JSC huwaadhibu yenyewe, bila Rais wala jopo.