Pesa za shule Texas haziamuliwi Washington

Waafrika Mashariki waliohamia Houston na Dallas huifuatilia kura ya rais usiku na mchana. Ya gavana na wabunge wa jimbo huja na kupita, wengi wasijue. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa darasa anamosoma mtoto wako linategemea zaidi hiyo ya pili.

Nasikia kauli nyingi zisizo sahihi. Ya kwanza: "Elimu ni kazi ya serikali kuu." Katiba ya Marekani haitaji elimu popote. Mwaka 1973, katika kesi iliyoanzishwa na wazazi wa San Antonio, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba elimu si haki ya msingi chini ya Katiba hiyo. Mzigo ukabaki kwa majimbo. Kwa kawaida Washington huchangia kama sehemu moja ya kumi tu. Zinazobaki ni kodi ya majengo ya wilaya ya shule na hazina ya jimbo.

"Nyumba zikipanda thamani, shule yetu inatajirika." Hapa ndipo wengi hukosea, tena wenye nyumba zaidi. Bunge la jimbo, lililoko Austin, ndilo linalopanga kiwango cha msingi cha pesa kwa kila mwanafunzi. Kodi ya majengo ikiongezeka wilayani, jimbo hupunguza mchango wake, na wilaya ikivuka mpaka uliowekwa, ziada huchukuliwa. Mpango huo, unaoitwa Robin Hood, ulianza mwaka 1993 ili kuzisaidia wilaya maskini, na nia hiyo ni ya haki. Lakini Houston, ambayo wanafunzi wake wengi wanatoka familia za kipato cha chini, nayo huhesabiwa tajiri kwa sababu ya majengo yake ya biashara. Wapiga kura wake walikataa kulipa mwaka 2016. Mwaka 2017 wakakubali.

Kiwango hicho cha kila mwanafunzi kilikwama kwenye dola 6,160 tangu 2019, bei za kila kitu zikipanda, hadi bunge lilipoongeza dola 55 mwaka 2025, pamoja na fungu jingine la mishahara ya walimu. Isitoshe, Texas huhesabu mahudhurio, si majina yaliyoandikishwa. Mtoto asipokwenda shule, pesa zinapungua.

"Mimi ni mpangaji, hainihusu." Mwenye nyumba hulipa kodi ya majengo kutokana na pango lako. Na msamaha uliopitishwa 2025, wa dola 140,000 za thamani ya nyumba zisizotozwa kodi ya shule, ni wa anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Bodi ya shule ndiyo yenye kauli ya mwisho." Bodi hupanga kiwango cha kodi ndani ya mipaka ya jimbo. Juni 2023 jimbo lilitwaa uendeshaji wa shule za Houston: bodi iliyochaguliwa na wananchi ikawekwa kando, wakaletwa wasimamizi walioteuliwa na kamishna wa elimu, ambaye naye huteuliwa na gavana.

"Tusubiri uchaguzi mkuu wa Novemba." Novemba 2023, wabunge 21 wa Republican waliungana na Democrats kuondoa vocha, yaani pesa za umma za kulipia shule binafsi, kwenye muswada, kwa kura 84 dhidi ya 63. Gavana Greg Abbott akawapigia kampeni wapinzani wa wenzake hao katika mchujo wa Machi 2024, yaani uchaguzi wa kuteua wagombea wa chama, na kadhaa wakaangushwa. Mwaka 2025 mpango wa vocha ukapita, ukitengewa dola bilioni 1. Katika majimbo mengi ya uchaguzi ya Texas chama kimoja kina nguvu mno, hivyo mshindi wa mchujo ndiye anayekwenda bungeni.

Texas haiandikishi wapiga kura kwa vyama. Raia aliyejiandikisha angalau siku 30 kabla anaweza kupiga kura katika mchujo wa chama chochote, ilimradi achague kimoja. Mchujo hufanyika Machi, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili.