Leseni ya udereva Marekani haimpi mtu makaratasi

Wengi tunaamini mtu asiye na makaratasi Marekani akipata leseni ya udereva basi keshahalalishwa, na hata kura ya rais atapiga. Sivyo jamani. Leseni ni ya jimbo, ukaazi ni wa serikali kuu, kura hiyo ni ya raia tu. California wanawapa wasio na makaratasi leseni tangu 2015, Minnesota 2023, na mtihani unaufanya kama wengine. Angalia kadi ya California kona ya juu kulia, ile ya REAL ID, yaani inayokidhi masharti ya serikali kuu, ina dubu mwenye nyota, hii ya wasio na makaratasi haina, imeandikwa tu kwamba matumizi yake kwa mambo ya serikali kuu yana mipaka, na raia asiyechukua REAL ID anapewa hiyohiyo. Masharti yasome kwenye tovuti ya jimbo lako inayoishia .gov, sio klipu za WhatsApp, zinawatisha watu bure wakaogopa hata kwenda mtihani.