Taa yenye ukungu si taa inayovuja

Masika yakianza Dar es Salaam, gereji hazikosi mteja wa kusema, "Fundi, taa yangu inavuja." Fundi wa haraka haulizi inavuja wapi. Anachukua silikoni, anaizungushia taa nzima mpaka nyuma, anapokea hela yake. Baada ya muda mteja anarudi na taa iliyolowa kuliko mwanzo, na wote wawili wanailaumu silikoni kwamba ni feki.

Kuvuja ni maji kupita pasipotakiwa: kwenye ufa wa kioo, mpira uliochoka au mfuniko wa nyuma ambao haukurudishwa. Ukungu ni mvuke uliokuwa tayari kwenye hewa ya ndani ya taa, ukakutana na kioo kilichopoa ukageuka maji, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Basi.

Kinachowapoteza wengi ni kuamini kwamba taa ya mbele imezibwa isiingie hata hewa. Imani hiyo ina asili yake. Zamani kulikuwa na taa za namna hiyo kweli, zile za duara zilizofungwa kwenye Land Rover nyingi za enzi hizo: kioo na kiakisi, yaani ule uso wa ndani unaong'aa na kurudisha mwanga mbele, vimeunganishwa, waya wa kuwaka uko humohumo ndani, ikiungua unatupa taa nzima. Marekani zilikuwa ndizo taa za kawaida kuanzia magari ya mwaka 1940, na ilifika 1983 ndipo sheria yao ikaruhusu taa ambayo unabadilisha balbu peke yake. Taa zile hazikuwa na sababu ya kupata ukungu. Ukiona maji ndani, ujue imepasuka.

Taa ya leo ni kitu kingine. Kioo chake ni plastiki ya polikaboneti, balbu inachomolewa kwa nyuma, na mwilini mwake mtengenezaji ameacha matundu ya hewa kwa makusudi. Ingiza mkono nyuma ya taa ya gari dogo la Kijapani na utagusa kimrija kifupi cha mpira kilichopinda kama kiwiko, au kifuniko kidogo chenye sponji. Kwenye magari mapya zaidi ni kiduara chembamba cha utando kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Ukiwasha taa, hewa ya ndani inapata joto, inatanuka na kutoka. Ukizima, inapoa na kunyonya hewa ya nje, pamoja na unyevu wake. Kwa Dar, unyevu huo si haba.

Hapo ndipo silikoni ya fundi inapoharibu. Akiziba matundu, unyevu uliomo unakosa pa kutokea. Na ile silikoni inayonuka siki inapokauka hutoa mvuke wa tindikali, ambao ukikwama ndani unaweza kufifisha mng'ao wa kiakisi. Mwingine yeye hutoboa tundu chini ya taa "maji yachuruzike". Maji yatachuruzika, sawa, kisha vumbi litaingia, na siku ukipita kwenye dimbwi maji yatapandia tundu hilohilo.

Kwa anayetaka kuhakikisha, hesabu inasaidia. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba takriban gramu 30 za mvuke katika mita moja ya ujazo. Taa yenye nafasi ya lita 10, ambayo ni taa kubwa, ina gramu 0.3 tu, yaani kama matone sita. Matone sita yakisambaa kwenye kioo yanatosha kabisa kukutia hofu asubuhi. Hayatoshi kufanya kidimbwi. Kwa hiyo ukiona maji yamekaa chini ya taa na yanacheza unapokanyaga breki, au matone mazito yanayoteremka na kuacha michirizi, hapo sema inavuja na hakuna atakayekubishia.

Ukungu wa kawaida ni mwembamba, haudondoki, na ukiendesha na taa zikiwaka unaanza kufutika karibu na balbu, kona zikimalizia mwisho. Usishangae taa za LED zikichelewa: joto lake hutolewa kwa nyuma, kioo kinabaki baridi, tofauti na halojeni, zile balbu za waya unaowaka. Angalia pia upande wa pili. Zikilowa zote mbili kwa kiasi kilekile, mara nyingi ni hewa tu. Ikilowa moja kila mara, ikague hiyo, ukianzia nyuma kabla ya kuhangaika na kioo. Waliofunga balbu za LED zenye feni ndio ninaowashuku kwanza, kwa sababu mkia wa balbu haukutosha, mfuniko ukaachwa kwenye droo ya gereji, na sasa wanalalamikia mvua. Wanaofuata ni waliofungua taa kuweka urembo ndani, gundi ya butili inayoshikilia kioo ikarudishiwa nusunusu. Na wote, tafadhali, msipigishe gari maji ya presha likitoka safari taa zikiwa za moto: taa inapoa ghafla, inanyonya, na kilicho karibu na tundu wakati huo ni maji.

Kwa hiyo ukifika gereji na kioo kimefifia tu, mwambie fundi "taa ina ukungu", na umwombe aangalie kama mfuniko upo, mpira umekaa sawasawa na kile kimrija hakijaziba kwa matope. Ukimwambia inavuja, atafanya anachofanya kwa taa zinazovuja, na hutakuwa na haki ya kumlaumu sana.