Bessie Smith hakukataliwa na hospitali ya wazungu

Jamani ile stori kwamba Bessie Smith, mwimbaji mweusi wa Marekani aliyeitwa malkia wa muziki wa bluzi, alikufa sababu hospitali ya wazungu ilimkataa, sio kweli. Alfajiri ya Septemba 26, 1937 gari lake liligonga lori karibu na Clarksdale, Mississippi, mkono wa kulia ukakaribia kukatika, damu ikamwagika mno, daktari mzungu aliyekuwa anapita ndo akasimama kumhudumia, halafu ambulensi ikampeleka moja kwa moja hospitali ya watu weusi, akafia huko, masikini ya Mungu. Uvumi huo wa kukataliwa aliuandika John Hammond, prodyuza wa muziki, kwenye jarida la muziki la Down Beat bila kuhakikisha. Ubaguzi ulikuwepo, tena mkali, ndo maana watu waliamini haraka.