Je, wajua kwa nini presha ya aliyeumia kichwa haiharakishwi kushushwa?

Kijana kaanguka na bodaboda, kichwa kimegonga lami. Wodini, macho ya ndugu yote yako kwenye mashine: presha 170 kwa 95, mapigo ya moyo 52 kwa dakika. Mama yake mkubwa anashindwa kuvumilia. "Sista, presha imepanda hivi, mbona hamumpi dawa?"

Ana haki ya kuuliza. Sote tumezoea kuiogopa presha ya juu. Ila hapa jibu limo ndani ya fuvu.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauna akiba: damu ikikatika kabisa, fahamu hupotea ndani ya sekunde 10 hivi. Na umekaa ndani ya sanduku la mfupa lisilotanuka, pamoja na damu na maji yanayouzunguka. Alexander Monro wa Edinburgh aliliandika hilo mwaka 1783, na George Kellie akaliendeleza mwaka 1824: kimoja kikiongezeka, kingine lazima kipungue. Damu ikivilia au ubongo ukivimba, maji husogea kuelekea uti wa mgongo kupisha nafasi. Nafasi ikiisha, mgandamizo ndani ya fuvu hupanda kwa kasi ya kutisha.

Damu inayotoka moyoni lazima iushinde mgandamizo huo ndipo ipite. Kwa hiyo madaktari huchukua wastani wa presha ya mwili, wakatoa mgandamizo wa fuvu. Kinachobaki ndiyo nguvu halisi ya kuupelekea ubongo damu. Mtu mzima wa afya mwenye presha 120 kwa 80 ana wastani wa kama 93 (namba ya chini huhesabiwa mara mbili, kisha jumla hugawanywa kwa tatu). Fuvuni mna kama 10. Inabaki 83, kwa kipimo cha milimita za zebaki.

Turudi kwa kijana wetu. Wastani wake ni 120. Tuseme fuvuni mmefika 40: inabaki 80, damu bado inafika. Sasa mshushie hadi 110 kwa 65, namba za kupendeza machoni. Wastani ni 80. Toa 40, inabaki 40. Kwa majeruhi kama huyu hulengwa 60 hadi 70. Tungemnyima ubongo wake damu huku tukifurahia mashine!

Mwili wenyewe ndio uliopandisha presha ili damu ifike. Mpasuaji wa Marekani Harvey Cushing aliieleza hali hii mwanzoni mwa karne ya 20: presha hupanda, mapigo hupungua, pumzi huenda ovyo. Ni ishara ya hatari kubwa. Kinachotakiwa haraka ni kuondoa kinachobana, pengine kwa upasuaji.

Ubongo usio na jeraha hujirekebishia mishipa yake: presha ikishuka hutanuka, ikipanda husinyaa. Uliojeruhiwa mara nyingi hupoteza uwezo huo, ndiyo maana kila namba ina uzito.

Nesi anainua kitanda upande wa kichwa, nyuzi 30 hivi, kisha anaomba khanga mbili. Anazikunja na kuziweka kushoto na kulia, shingo inyooke. Shingo ikipinda, mishipa inayorudisha damu moyoni hubanwa, na damu iliyokwama juu huongeza mgandamizo uleule.