Uvuvi wa nzi bandia: maana yake, na jinsi trauti wa milimani anavyovuliwa

Mvuvi wa mshipi wa Msimbati au Kilwa Masoko, pwani ya kusini ya Tanzania, akitaka chambo chake kifike mbali au kizame upesi, hutegemea chubwi la risasi lililofungwa karibu na ndoana. Chubwi hutangulia, mshipi hulifuata. Katika uvuvi wa nzi bandia utaratibu huo hugeuzwa. Nzi huyo, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya machache ili ifanane na mdudu, haina uzito wa kurushwa hata hatua tatu, kwa hiyo uzito umewekwa ndani ya mshipi wenyewe, nao ndio unaorushwa na kuikokota ndoana nyuma yake. Hiyo ndiyo maana ya msingi ya dhana hii, na mtu akiishika vizuri, mengine yote kuhusu uvuvi huu huwa rahisi kuelewa.

Mshipi unaotumika ni mnene, umefunikwa plastiki laini, na hupangwa kwa namba kulingana na uzito wake. Ule wa namba 5, ambao ndio wa kawaida kwa trauti, samaki wa mito na maziwa yenye maji ya baridi, huwa na uzito wa gramu 9 hivi katika mita 9 za mwanzo. Mwishoni mwake huungwa uzi wa nailoni usioonekana kwa urahisi, wenye urefu wa mita 3 hivi, unaozidi kuwa mwembamba hadi kwenye ndoana. Mvuvi hushika ufito wa mita 2.7 unaopindika vizuri, huunyanyua mshipi kutoka majini na kuurusha nyuma yake, husubiri ujinyooshe hewani, kisha huusukuma mbele. Nguvu husafiri kutoka sehemu nene hadi sehemu nyembamba kama inavyosafiri katika mjeledi, ila hapa inatakiwa iishe taratibu ili nzi atue bila kishindo. Wengi wanaoanza hushindwa kwenye kule kusubiri, kwa sababu husukuma mbele kabla mshipi haujanyooka nyuma, na matokeo yake ni fundo au mshipi unaoanguka miguuni.

Nzi bandia mwenyewe ni kitu cha kale. Maandishi ya zama za Warumi, ya karibu mwaka 200, yanaeleza watu wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kufunga manyoya ya jogoo ili kuwavua samaki wa mtoni waliokuwa wakila wadudu juu ya maji. Kazi hiyo haijabadilika sana. Ndoana ya namba 14 ina urefu wa sentimita moja hivi (namba ikikua ndoana hupungua, kama ilivyo kwa zile zinazouzwa madukani kwetu), na mfungaji huibana, huizungushia uzi mwembamba kuwa mwili, kisha huchukua unyoya mmoja wa shingo ya jogoo na kuuzungusha karibu na tundu la ndoana hadi nywele zake zisimame pande zote. Nywele hizo ndizo zinazokanyaga uso wa maji na kumfanya nzi aelee.

Trauti hula wadudu ambao sehemu kubwa ya maisha yao huipitisha chini ya mawe ya mto wakiwa tunutu au mabuu, baadhi yao wakijijengea ala za mchanga na vijiti. Muda wao ukifika huibuka juu, huota mabawa, huzaliana, na wengi hufa baada ya siku chache. Kuna aina ambayo mdudu aliyekomaa huishi siku moja tu au pungufu ya hapo. Kwa hiyo mvuvi huwa na nzi wa kuelea kwa ajili ya saa ambazo wadudu wanaibuka, na nzi wa kuzama wenye umbo la tunutu kwa saa nyingine zote, ambazo kwa kweli ndizo nyingi zaidi.

Hata hivyo, nzi aliyefungwa kwa ustadi hana faida asipotembea na maji ipasavyo. Trauti hulala kichwa kikielekea mkondo unakotoka, nyuma ya jiwe au pembezoni, pale maji ya kasi yanapogusana na maji ya pole, ili asichoke huku chakula kikimpitia karibu. Mdudu halisi hubebwa na maji kwa kasi ileile ya maji yaliyo chini yake. Mshipi, kwa upande wake, umelala juu ya mikondo kadhaa yenye kasi tofauti, na ule wa kasi ukiuvuta, nzi hukata maji kwa mshazari kwa namna ambayo hakuna mdudu anayeifanya. Trauti huliona hilo na huacha. Ndiyo maana mvuvi hodari, mara baada ya kurusha, hulitupa tumbo la mshipi, yaani sehemu yake ya kati iliyolala majini, upande wa juu wa mkondo, na kulirudia hilo kadiri nzi anavyoteremka. Naona kwamba hapa ndipo ujuzi wote ulipo, kuliko katika urefu wa kurusha ambao watazamaji huusifu.

Majira ya joto katika nchi za kaskazini, yaani Juni hadi Agosti, wakati kusi linavuma huku kwetu, ndiyo msimu mkuu wa uvuvi huu. Theluji iliyoyeyuka imekwisha kushuka, mito imepungua na kung'aa, na wadudu ni wengi. Lakini majira hayohayo yana hatari yake. Trauti hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi hivi. Yakifika 20 huanza kuelemewa, kwani maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo: lita moja ya maji ya mto kwenye nyuzi 10 huweza kushika miligramu 11 hivi, na kwenye nyuzi 25 hubaki 8 tu. Samaki aliyepigana na mshipi katika hali hiyo aweza kufa hata akirudishwa majini. Katika jimbo la Montana, Marekani, maji ya mto yakigonga nyuzi 23 hivi kwa siku 3 mfululizo, mamlaka huweza kuzuia uvuvi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku, na anayetaka kuvua huamka mapema. Sheria hiyo ni ya haki, na wavuvi wenye kujali hubeba kipimajoto na kuacha wenyewe kabla ya kuzuiwa.

Katika maziwa ya milimani joto hutandaza maji kwa matabaka, la juu likiwa vuguvugu na la chini baridi, na trauti hushuka. Alfajiri hurudi ukingoni, hasa pale kijito cha baridi kinapomwaga maji yake. Mchana hufuatwa kwa mshipi wa kuzama.

Afrika Mashariki trauti si mwenyeji. Mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti yaliletwa Kenya mwaka 1905 na kupandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, na baadaye samaki hawa wakapelekwa pia katika vijito vya nyanda za juu za Tanzania, vikiwemo vya Kilimanjaro. Mito ya kusini, Lukuledi na Ruvuma, haiwezi kumlea. Uwanda wa Makonde haufikii mita 1,000, na maji yanayoteremka kutoka huko ni ya joto mno kwake.

Mbinu yenyewe, hata hivyo, haimhitaji trauti. Ushelisheli watu husafiri kutoka mbali kumvua kolekole kwa nzi bandia, wakisimama katika maji ya magotini kwenye tumbawe, kwa mshipi wa namba 12, ndoana isiyoshika kutu kwa urahisi, na nzi mkubwa wa manyoya marefu anayefanana na samaki mdogo. Huko hakuna suala la kumwachia nzi atembee na mkondo. Mvuvi huuvuta mshipi kwa mkono, mvuto mrefu baada ya mvuto, kwa kasi, kwa kuwa kolekole hufukuza kinachokimbia. Na akiuma, mvuvi huendelea kuvuta kwa mkono mpaka ndoana ishike, kwani akinyanyua ufito juu kama afanyavyo mvuvi wa trauti, mara nyingi huichomoa ndoana kinywani mwa samaki.